Nesi unayeenda Marekani, Kihispania je?

Umepita NCLEX, viza iko njiani, na mawazo yako yote yako kwa dola. Sawa. Lakini mgonjwa wa Texas asiyejua Kiingereza atakuambiaje anaumwa wapi?

Mwaka 1980 kule Florida, kijana wa miaka 18, Willie Ramirez, alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Jamaa zake wakasema "intoxicado", yaani amekula kitu kibaya. Madaktari wakaelewa kwamba amezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo! Alipooza mikono na miguu.

Basi jifunze. Vokali za Kihispania hutamkwa karibu kama zetu, kwa hivyo ulimi wako tayari uko mbele ya ule wa Mmarekani. Anza na "¿dónde le duele?", unaumwa wapi. Reggaeton itangoja.

Ila miezi mitatu ya Duolingo isikudanganye. Ukisema "embarazada" ukidhani ni kuona haya, umemwambia mtu ana mimba. Hata "once" ya Kiingereza kwenye chupa ya dawa, yeye anaweza kuisoma kumi na moja. Salamu na maumivu, ongea mwenyewe. Ikifika kutia sahihi ya upasuaji, ita mkalimani.