Kamera Tunazo, Tupeni Rekoda

Nitasema wazi, na atakayekasirika akasirike. Hapa Nyarugusu hatuna upungufu wa kamera. Tangu nianze kufanya kazi na vijana nimeona mafunzo ya kupiga video yakija na kuondoka: siku tano, soda, fulana yenye nembo, cheti, halafu kijana anatumwa kwa mama fulani akamrekodi akilia. Video inaondoka na mgeni, mama anabaki. Na juu ya dari la huyo huyo mama, ndani ya mfuko wa nailoni, kuna kaseti ya VHS ya arusi yake, ambayo hajaiona tangu deki ya jirani ilipokufa. Kwenye hiyo kaseti halii. Anacheza.

Hakuna aliyemuuliza habari ya hiyo kaseti.

Sisi tuliuliza. Tukaandika barua kwa shirika moja (silitaji, wenyewe wanajijua) tukaomba vitu vitatu: rekoda ya mtumba, ile yenye deki ya VHS upande mmoja na DVD upande mwingine; diski tupu; na chumba chenye kufuli na umeme. Jibu la maandishi lilisema hii si kipaumbele. Jibu la mdomo lilikuwa refu zaidi: "Kaka, hiyo teknolojia imekufa. Vijana wa leo wanataka simu." Kule ofisini nilipewa dakika tano za kujibu, kwa hiyo nimalizie hapa.

Ni kweli imekufa. VHS ilitoka Japani mwaka 1976, na mwaka 2016 Funai, kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki zake, nayo ikaacha. Deki zilizobaki duniani ndizo hizo hizo, zinachakaa, spea zinatolewa kwenye maiti ya deki nyingine. Sasa mimi nikiambiwa hivyo nasikia neno moja tu: wahi. Sisi ni watu wa ziwa. Mto ukianza kukauka na samaki wakabaki kwenye madimbwi, unakwenda na kikapu leo, husemi uvuvi umepitwa na wakati.

Labda wafanyakazi wageni hawajui kaseti hizi zimefikaje hapa. Kambi hii ilifunguliwa 1996, vita vilipowaka Kivu Kusini, na watu wa Uvira, Baraka na Fizi wakavuka Tanganyika kwa mitumbwi na maboti. Mtu anakimbia na mtoto mgongoni, sufuria kichwani, halafu anaingiza kaseti kwenye furushi. Kwa nini? Sufuria utapewa nyingine ukifika. Godoro utapewa, au utalala chini, si mwisho wa dunia. Lakini sauti ya baba yako akitoa hotuba kwenye arusi yako, nani atakugawia hiyo kwenye foleni ya mgao?

Halafu kuna kaseti zilizopigwa hapa hapa ukimbizini, na hizi watu huzisahau kabisa. Miaka ile wapiga picha walikuwa wanazunguka na kamera kubwa begani, wanarekodi kwaya, arusi, ubatizo, watoto wakipewa vyeti vya darasa la sita. Wengi wetu tumekaa Lugufu kabla ya kuletwa huku. Lugufu ilifungwa 2009. Watu waliishi pale zaidi ya miaka kumi, walizaa, walizika, walijenga makanisa ya matofali ya udongo, na leo ukienda ukauliza kanisa lilikuwa wapi utaonyeshwa majani. Wako vijana ninaofanya nao kazi ambao kwao ni pale: si Kongo ambayo hawajaiona, na si hapa. Picha inayotembea ya mahali walipozaliwa iko kwenye utepe wa plastiki wenye upana wa nusu inchi, chini ya kitanda cha mtu, karibu na moshi wa kuni.

Sasa hebu tuone hiyo kazi "ngumu" ambayo haiwezekani kambini. Tulichanga, tukapata rekoda ya mtumba kupitia kwa fundi. Imeshakula na kutapika kaseti kumi na moja, kwa hiyo sisemi mambo ya kusoma.

Kwanza unaitazama kaseti kwenye kidirisha chake. Ukiona unga mweupe juu ya utepe, huo ni ukungu, usiiweke. Ukiicheza hivyo, ukungu unachafua hedi za deki, na kaseti safi inayofuata inaambukizwa. Hiyo unaitenga, unaisafisha baadaye taratibu, kwa mkono, na si kila mtu aruhusiwe kugusa. Ile iliyo safi unaipeleka mbele mpaka mwisho na kuirudisha mpaka mwanzo kabla ya kuicheza, maana utepe uliokaa miaka ishirini bila kuzungushwa hushikana na kulegea vibaya. Hedi zinafutwa kwa spiriti. Na kile kidude cha plastiki mgongoni mwa kaseti kikiwa bado kipo, unakivunja kabla ya yote, ili mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi akafuta arusi ya watu. Kaseti ngapi zimekufa hivyo! Mtoto wa nyumbani alirekodi mpira juu ya mazishi ya babu yake; ukiicheza unaona jeneza, halafu ghafla kona inapigwa.

Kisha unabonyeza, unakaa. Hapa ndipo wenye haraka hushindwa: saa moja ya kaseti ni saa moja ya kuhamisha, hakuna njia ya mkato. Kaseti ya E-180 ni saa tatu. Diski ya kawaida inabeba saa mbili kwa ubora mzuri. Unaweza kuilazimisha ibebe nne au hata sita, lakini picha inakuwa kama imepakwa uji. Sisi tunatumia diski mbili. Mwisho unaifunga diski, kwenye menyu ya mashine utaona neno Finalize. Usipofanya hivyo itacheza kwenye rekoda yako tu, na mwenye kaseti atakwenda nayo kwa jirani aone kioo kitupu, aseme vijana wa kituo ni matapeli.

Kuna jambo moja lilitusumbua. Televisheni ya Zaire ilitumia mfumo wa SECAM, ya Tanzania ilitumia PAL. Kaseti iliyorekodiwa kwa SECAM ukiiweka kwenye mashine ya PAL peke yake inatoka nyeusi na nyeupe. Mama mmoja alikataa kabisa kwamba ile ni arusi yake, maana nguo zake zilikuwa za manjano. Kuna deki zinazosoma mifumo yote, na hiyo ndiyo tuliyoiandika kwenye barua, mstari wa pili, kwa herufi kubwa. Sijui kama ulisomwa.

Vijana wenzangu nao wana maneno. Eti kwa nini diski, weka kwenye memori kadi, yaishe. Sikatai, weka na kadi pia, bora nakala zizidi. Lakini niambie ukweli, kadi yako imefutwa mara ngapi mwaka huu? Nyimbo mpya zimekuja, nafasi imejaa, "Futa hizo video kubwa." Diski ya DVD-R ikishaandikwa na kufungwa, hakuna mtu wa kuandika juu yake. Inakwaruzika, ndiyo, na jua linaiharibu, ndiyo maana tunatoa mbili: moja ya mwenye kaseti, moja kwa ndugu anayekaa zoni nyingine, ili nyumba moja ikiungua isiondoke na yote. Ndugu zetu Warundi waliokuja 2015 walikuja na simu, wanatucheka na kaseti zetu. Simu zile zimeanza kufa. Tutaonana.

Sasa niwaguse na wageni wema, wale wabaya zaidi. Anakuja mtafiti au mpiga filamu, anaziona kaseti, macho yanamng'aa. "Nipeni nikazihamishe Ulaya, kuna maabara nzuri, nitawarudishia kwenye flashi." Mzee mmoja wa kijiji chetu alitoa kaseti nne namna hiyo. Namba ya simu aliyoachiwa haiingii tena. Sisemi mgeni yule ni mwizi, pengine ziko kabatini kwake, salama kuliko kwetu, zimepangwa wima kama inavyotakiwa. Lakini mzee amekufa bila kuziona. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu na sitauhama: kaseti haitoki kambini. Mashine ndiyo ije. Mashine ina uzito wa kilo chache, inapanda gari la shirika bila kibali cha kutoka, tofauti na sisi.

Na si wageni tu. Wako wenye vibanda umiza ambao wanahamisha kaseti kwa pesa, halafu usiku wanabaki na nakala. Arusi ya mtu inaonyeshwa kabla ya filamu ya Kihindi, watu wanacheka mavazi, wanahesabu nani kazeeka. Binti mmoja alikuta mama yake marehemu akicheza kwenye simu za watoto barabarani. Hii ni dhuluma, hata kama hakuna kitu kilichoibwa mfukoni. Ndiyo maana naomba chumba chenye kufuli na mtu anayewajibika, badala ya kuacha kazi hii sokoni.

Pingamizi moja tu nililosikia ofisini lina uzito, na lilitoka kwa dada wa ulinzi, si kwa bosi. Alisema: kwenye kaseti hizo kuna nyuso. Kuna mtu aliyekaa meza kuu mwaka 1994 ambaye baadaye alishika bunduki, au aliyeuawa na watu ambao watoto wao wako zoni ya jirani. Ukiitoa hadharani unaweza kuleta balaa. Ana haki. Mimi mwenyewe nimeona mama anaangalia meza ya wageni, ananyoosha kidole, halafu anakirudisha na kunyamaza mpaka mwisho. Lakini hatari hiyo haiondoki kwa kuiacha kaseti ioze. Inaondoka kwa kuamua nani anaangalia. Sisi mwenye kaseti anakaa mbele ya kioo na sisi, anasema simama, ruka hapa, hii usiiandike. Hatuweki chochote kwenye intaneti. Kwenye kompyuta ya kituo hakibaki kitu. Dada wa ulinzi aje akae nasi siku moja, aandike masharti, tutayafuata. Hilo ndilo jibu, si kusema "si kipaumbele" na kufunga faili.

Wengine watasema kuna njaa, mgao unapungua, huyu anaongea habari ya arusi za zamani. Nami napanga foleni ile ile ya mgao. Lakini mnisikilize: mbona pesa za kumrekodi mama akisema ana njaa zinapatikana? Mbona hapo hakuna anayesema kwanza chakula? Video zinaruhusiwa, basi, mradi ziwe za kutuonyesha tumeinama. Ile inayotuonyesha tumesimama, tumevaa suti, mzee anakata utepe wa duka lake Uvira, hiyo ndiyo haina fungu. Mtoto wangu wa klabu, miaka kumi na nne, aliona kaseti ya babu yake akiendesha lori lake mwenyewe. Akaniuliza kama babu alikuwa mkimbizi wa wapi wakati ule. Nikamwambia hakuwa mkimbizi. Hakunielewa mara moja. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba mtu wa nyumbani kwao anaweza kuwa si mkimbizi.

Mama mmoja wa makamo, nilipomwambia kaseti yake ina ukungu na pengine haitasomeka, hakulia. Aliishika kifuani akasema, "Baba yangu iko ndani mule." Yaani si picha yake. Ni yeye. Kaseti hiyo iko kwangu kwenye sanduku la bati, pamoja na nyingine kumi na tatu zinazosubiri zamu.

Zinasubiri kwa sababu rekoda yetu ni mgonjwa. Mkanda wake wa mpira unateleza, kaseti ya mwisho iliimeza, tukakaa jioni nzima na bisibisi kuutoa utepe bila kuukata. Jenereta ya kituo nayo inazimwa saa kumi, na kaseti ya saa tatu ukiianza saa nane imekula hasara. Mvua zikianza, nyumba zenye shitingi iliyochakaa zitavuja, na ukungu unapenda hapo.

Tunachoomba ni kile kile: rekoda inayosoma PAL na SECAM, diski mia moja, kufuli, na umeme mpaka saa kumi na mbili jioni, siku mbili kwa wiki. Vijana watatu wameshajifunza kazi, hawahitaji mafunzo ya siku tano wala fulana. Ofisi inafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitakuwa mlangoni na barua ile ile, na safari hii nakuja na wenye kaseti.