Huzuni ya wazee: si uzee tu, wala si uchawi

Kila mwaka, tarehe 1 ya mwezi wa kumi, dunia inakumbuka wazee. Tarehe 10 ya mwezi huo huo, inakumbuka afya ya akili. Katika inchi yetu kila siku inapita na hotuba zake, bila mutu kuziunganisha. Lakini zote mbili zinamuhusu mutu mumoja: yule muzee anayekaa peke yake nyuma ya nyumba.

Tunamujua wote. Chakula anakataa, usingizi hapati, hata wajukuu hawamufurahishi tena. Jamaa inasema: «Ni uzee tu.» Wengine wanasema neno baya zaidi: uchawi. Kule Kivu ya Kusini, wamama wazee walikwisha kupigwa, hata kuuawa, juu ya masemi ya namna hiyo. Lakini OMS inahesabu kwamba, kati ya watu 100 waliopita miaka 60, karibu 6 wana depresio. Huo ni ugonjwa, na unatunzwa.

Sasa, wanganga wanatuonyesha kwamba pengine mizizi yake iko katika mwili. Mutu akijikata kidole, panavimba, panakuwa moto: mwili unapigana. Kisha moto unazimika. Ndiyo inflamasio. Kwa muzee, mara nyingi moto huo hauzimiki kabisa. Unabaki kidogo kidogo kwa miaka. Ugonjwa wa sukari, ufizi ulio na usaha, unene kupita kiasi na tumbako vinauongezea kuni. Kemikali zake zinafika mpaka kwenye bongo na kugusa usingizi, nguvu na furaha.

Ushahidi uko. Zamani, wagonjwa wa hepatiti C walipotunzwa na dawa interferoni, inayoamsha moto huo, wengi waliingia katika depresio. Mwaka 2013, watafiti wa Atlanta, Marekani, walijaribu dawa ya kuuzima, infliximab, kwa watu 60 ambao depresio yao ilikuwa imeshinda dawa za kawaida. Kwa wote pamoja, haikushinda dawa ya uongo. Lakini wale ambao damu yao ilionyesha moto mwingi walionekana kupata nafuu.

Tusikilize vizuri matokeo hayo. Si kila huzuni inatoka kwa inflamasio. Vita, kufiwa, pensheni isiyolipwa: hivi navyo vinavunja moyo. Tena njia inaenda pande mbili: mwenye depresio hatembei, hali vizuri, na moto unazidi. Lakini kumutenganisha muzee vipande viwili, mwili huku na roho kule, ni kumutunza nusu.

Hapa tunaonya. Musikimbilie famasi kununua diclofenac ao dexamethasone «ya kuzima moto». Kwa muzee, ya kwanza inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Ya pili inapandisha sukari na inaweza hata kuvuruga akili. Kinachohitajika ni kupima sukari na tansio, kutunza meno, kupunguza maumivu ya magoti pamoja na munganga, kumusaidia muzee atembee kila siku. Na kumuuliza maswali mawili: wiki hizi mbili, umekuwa na huzuni? Vitu ulivyopenda bado vinakupendeza?

Haya yote muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuyaanza. CNPP ya Kinshasa na SOSAME ya Bukavu zinafanya kazi kubwa, lakini muzee wa Shabunda atafikaje huko? Serkali ilianza mwaka 2023 kuzalisha wamama bure, kuanzia Kinshasa. Ni jambo jema, tunalisifu. Lakini muzee angali analipa kutoka mufuko wake, ao mufuko wa watoto wasio na kazi. Tunaomba hatua inayofuata ya mupango huo imufikirie yeye pia: sukari, tansio, meno, na yale maswali mawili, katika kila kituo cha afya.

Na jamaa isingojee serkali. Muzee akinyamaza, tumupeleke kwa munganga mbele jirani hawajaanza kumutafutia jina la uchawi.