Baraza la mawe lina somo kwa wasanifu

Na Zuhura Makame

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama yangu kwenye ofisi moja mpya mjini. Jengo linang'aa: vioo toka chini hadi juu, vigae vyeupe mlangoni. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mama alipokanyaga kigae cha kwanza aliteleza. Asingenishika mkono, angeanguka. Tukaambiwa tusubiri nje, na nje hapakuwa na pa kukaa. Alisimama nusu saa ameegemea ukuta.

Jengo lile halikukosa fedha wala fundi. Lilikosa mtu wa kuuliza: nani atapita hapa, na atakuja katika hali gani?

Swali hilo wazee wa Mji Mkongwe, Unguja, walilijibu kwa mawe na chokaa. Litazame baraza. Ni benchi la mawe ya matumbawe lililopigwa lipu na kushikamana na nyumba, kana kwamba ukuta umenyoosha miguu. Mwenye nyumba humpokea mgeni hapo bila kuivuruga faragha ya familia. Mpita njia aliyechoka hukaa bila kubisha hodi. Muuza kahawa hutua dele lake, wacheza bao huweka ubao wao. Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya siku kivuli hakikosekani upande mmoja au wa pili. Mvua kubwa ikigeuza njia kuwa mto, watu hupita juu ya baraza.

Kazi zote hizo, na bado linapendeza. Mstari wake mweupe hufuata mkunjo wa kichochoro, na ukingo wake umelainishwa na vizazi vya waliokaa. Hata mlango wa nakshi, fahari ya nyumba, hunufaika: aliyekaa barazani ana muda wa kuutazama ua hadi ua, mnyororo hadi mnyororo.

Sisemi mapambo ni anasa. Mahali pazuri hupendwa, na panapopendwa hufagiliwa na kupakwa chokaa upya. Hivyo uzuri nao hulinda manufaa. Ninachokataa ni urembo uliotengenezwa kwa ajili ya picha, ukamsahau mwenye magoti yanayouma.

Lugha yetu inajua thamani ya benchi hili. Neno lile lile tunalotumia kwa kiti cha mawe ndilo tunalolitumia kwa Baraza la Wawakilishi na Baraza la Mawaziri. Watu wakipata pa kukaa, huzungumza; wakizungumza, huamua.

Basi wasanifu na wenye majengo, nawaomba jambo moja. Kabla ya kuchagua vigae, vimwagieni maji, kisha mwombeni mzee avikanyage huku mmemshika mkono. Kabla ya kupitisha ramani, muulizeni atakaa wapi akiambiwa asubiri. Mkishapata jibu, pambeni mnavyotaka.