Miji Yetu Ipande Juu, Lakini kwa Kiasi

Swali lililo mbele ya watu wa Pemba ni hili: miji yetu ya Chake Chake, Wete na Mkoani iendelee kutambaa mashambani, au iruhusiwe kupanda juu? Wako wasemao kwamba kisiwa cha karafuu hakina haja ya majumba marefu. Wako pia wasemao kila mtu ajenge kwa kadiri ya fedha zake. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosa.

Natuanze na hesabu. Mwaka 2012 Pemba ilihesabiwa watu zaidi ya 406,000. Mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 543,000. Watu wamezidi, na kisiwa hakikuongezeka hata pima moja. Kila nyumba ya chini yataka kiwanja chake, njia yake na shimo lake la choo. Kiwanja hicho hutoka katika mikarafuu na minazi, na mara nyingine katika bonde la mpunga. Bonde likishajengwa halirudi tena. Sisi wanafunzi ndio tutakaotafuta viwanja kesho, na ndio tutakaotafuta chakula.

Kukaa gorofani si jambo geni kwetu. Nyumba za maendeleo, zilizojengwa Chake Chake, Wete na Mkoani baada ya Mapinduzi ya 1964, zimelea watoto wengi. Zimetufundisha kuwa jamaa nyingi zaweza kukaa mahali padogo. Zimetufundisha pia kuwa gorofa isiyo na maji ni mashaka, maana ndoo hupanda ngazi kwa kichwa. Maji nayo yataka pampu, na pampu yataka umeme. Tangu 2010 twapata umeme wa Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Lakini wenzetu wa Unguja, waliokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, wajua nini hutokea waya ukiharibika.

Kwa hiyo mipaka ya urefu si ukaidi wa maofisa. Karibu na kiwanja cha ndege, jengo refu ni hatari kwa wasafiri. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, jengo jipya la hoteli kando ya Mambo Msiige lilizusha malalamiko ya Kamati ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya urefu wake. Na huko Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo la gorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu 36.

Iko sababu nyingine ambayo ramani haiioneshi, nayo ni sitara. Mama zetu hupika na kufua uani. Jirani akiinua gorofa tatu na kufungua madirisha upande huo, ua umekwisha kuwa barabara. Yafaa jirani aulizwe kabla jiwe la kwanza halijawekwa, wala si baada ya bati la mwisho.

Basi ushauri wangu ni huu. Kipimo kisiwe kimoja kwa mji mzima. Kando ya barabara kuu, watu waruhusiwe gorofa tatu au nne, mradi pawe na tangi la maji, ngazi pana ya kupitisha mgonjwa au jeneza, na njia ya pili ya kutokea moto ukizuka. Katika mitaa ya zamani na karibu na kiwanja cha ndege, majengo yabaki mafupi. Mabonde ya mpunga yasiguswe kabisa. Na atakayepewa ruhusa ya gorofa tatu akajenga tano, azivunje mbili, awe tajiri au maskini. Kwani sheria inayowapindia wakubwa haiwezi kumzuia mdogo.

Wazee wetu walitupandia mikarafuu ambayo wengine wao hawakuichuma. Nasi tuwaachie watakaotufuata mahali pa kulala na mahali pa kulima.