Kalehe: Kabla ya kumfukuza bibi, bwana naye apimwe

Katika vijiji vya Kalehe, toka Ihusi mpaka Minova, ndoa ikimaliza miaka miwili au mitatu bila mtoto, kesi imekwisha kukatwa: mwenye kosa ni bibi. Shangazi za bwana wanauliza ng'ombe walitolewa kwa ajili gani. Mama mkwe anatafuta msichana mwingine. Ni mara chache mtu kuuliza kama bwana amepimwa. Na kwa familia za wahami wa vita jambo ni zito zaidi, kwani mwanamke anayefukuzwa hana hata kwao pa kurudi, kijiji alikikimbia.

Sababu za bwana kukosa mtoto ni nyingi, lakini kuna moja ambayo haitajwi kamwe. Mwaka 1942 daktari Mmarekani, Harry Klinefelter, pamoja na wenzake wa Boston, aliandika habari za wanaume 9 waliokuwa na matiti, korodani ndogo, na mbegu za uzazi hawana. Chanzo hakikujulikana mpaka mwaka 1959, Patricia Jacobs na John Strong wa Edinburgh walipohesabu kromosomu za mwanaume wa namna hiyo na kukuta 47 badala ya 46.

Kromosomu ni nyuzi ndogo sana zilizo ndani ya chembe za mwili, zenye maagizo ya jinsi mwili unavyojengwa. Kwa kawaida mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja. Mtoto huyu amezaliwa na X mbili na Y moja. Ni mwanaume. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu watu wanamwita "nusu mwanamke", na huo ni uongo.

Tena si jambo la ajabu. Linakadiriwa kumpata mvulana mmoja kati ya 600 hivi. Ukikusanya wavulana wa shule mbili tatu kubwa za Minova, huenda mmoja wao yuko hivyo, na mwalimu wake anamwita mvivu. Akiwa mdogo anaweza kuchelewa kusema, na kusoma kunamsumbua ingawa akili anayo. Akibalehe miguu inarefuka, ndevu zinasita, matiti yanaweza kuota. Hapo anaanza kukataa kuoga ziwani na wenzake. Pale ambapo wahami wanalala wengi katika chumba kimoja, hana hata ukuta wa kujificha, na wengine wanaacha shule kwa haya tu. Lakini si wote wenye dalili hizi. Wako wanaofikia utu uzima bila kushuku kitu, mpaka wanapooa na mtoto hapatikani.

Na chanzo? Ni kosa la bahati mbaya wakati yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa. Karibu nusu ya mara linatokea upande wa baba, nusu upande wa mama. Si laana, si chakula, si dawa ya kupanga uzazi, na hakuna aliyemroga.

Neno hilo la mwisho Kalehe inapaswa kulisikia vizuri. Mwaka 2021, huku na kwa majirani wa Kabare, wanawake walishtakiwa uchawi na wengine wakachomwa moto, baada ya kutajwa na wanawake wa maombi wanaoitwa bajakazi. Kijana mwenye matiti, au nyumba isiyo na mtoto, ni mtaji kwa mtu anayeishi kwa kutabiri.

Kuna watakaosema: dawa za malaria zenyewe zinakosekana, nani atahesabu kromosomu? Ni kweli. Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kituo cha jenetiki, ila ni kilomita kama 1,500 toka hapa na ndege si ya kila mtu. Lakini kazi haianzii huko. Muuguzi anaweza kumchunguza kijana faraghani na kuona korodani zimebaki ndogo. Mbegu za mwanaume zinapimwa kwa darubini.

Homoni ya testosteroni, ikitolewa na daktari, inasaidia mifupa, nguvu na ndevu. Haileti mtoto, na anayetafuta mtoto asiianze kabla ya kumweleza daktari. Katika nchi zenye uwezo madaktari wanafaulu kutoa mbegu chache ndani ya korodani za baadhi yao na kuwapatia watoto. Dawa za "nguvu za kiume" za sokoni hazifanyi hivyo, hata muuzaji aape. Na mtu huyu asipofuatiliwa, mifupa inaweza kudhoofika na kisukari kinamtishia zaidi. Uvimbe kwenye titi asiufiche, kwani saratani ya matiti inawapata hawa kuliko wanaume wengine, ingawa bado ni nadra.

Wachungaji, watemi na wazee wanaoketi katika vikao vya ndoa wanaweza kuanza bila mashine yoyote. Siku familia mbili zinapoitana juu ya bibi asiyezaa, waulize karatasi mbili za maabara, ya bibi na ya bwana. Ya bwana isipokuwepo, kikao kiahirishwe, na bibi abaki nyumbani kwake.