Mnunuzi wa Korosho Hanunui Mkorosho

Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates huko Ubaruku, wilayani Mbarali, timu ya Ihefu iliifunga Yanga mabao mawili kwa moja na kuukata mfululizo wa michezo 49 ya Ligi Kuu ambayo Yanga haikuwa imepoteza. Wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, ambao aghalabu hutajwa magazetini pale tu yanapozuka mabishano juu ya maji ya Ruaha Mkuu, siku ile walitajwa nchi nzima kwa jambo la furaha. Ihefu ni jina la ardhi oevu ya kwao.

Furaha hiyo haikutimiza hata miaka miwili. Mapema mwaka 2024, klabu ikiwa imekwisha kuingia mikononi mwa wenyewe wapya, timu ilihamishiwa Singida wakati msimu ungali katikati. Ulipofika msimu wa 2024/25 ilikuwa ikiitwa Singida Black Stars. Nayo timu iliyokuwa Singida kabla yake, iliyoanza kwa jina la DTB, ikawa Singida Big Stars, kisha Singida Fountain Gate, ilibaki na jina la Fountain Gate na kuhamia Babati. Mtu aliyekuwa nje ya nchi kwa miaka mitatu angehitaji mkalimani ili asome msimamo wa ligi.

Watu wa Mbarali hawakushindwa uwanjani. Timu yao haikushuka daraja. Iliondoka tu.

Jambo hili linawahusu wananchi wa Masasi na Newala kuliko wengi wao wanavyodhani. Ndanda ni mji mdogo ulio chini ya miteremko ya uwanda wa Makonde, unaojulikana kwa abasia ya Wabenediktini, kwa hospitali yake, na kwa shule ya sekondari aliyosoma Rais Benjamin Mkapa. Mwaka 2014 vijana wa rika jipya walilifahamu jina hilo kwa sababu nyingine: timu ya Ndanda ilipanda Ligi Kuu, ikadumu humo misimu sita, ikashuka mwaka 2020. Michezo yake ya nyumbani ilichezwa Mtwara mjini, katika uwanja wenye jina la Nangwanda Sijaona, waziri wa miaka ya mwanzo ya Uhuru na mtoto wa mikoa hiyo hiyo ya kusini. Katika misimu hiyo mtu wa Newala aliweza kuwaona Simba na Yanga bila ya kupanda basi la Dar es Salaam. Si jambo dogo kwa mikoa ambayo kwa muda mrefu ilisikia habari za mpira kwenye redio.

Hakuna anayedai hapa kwamba klabu hiyo inauzwa. Lakini klabu za namna yake ndizo zinazotafutwa na wanunuzi. Anayeanzisha timu mpya hana budi kuanza ligi ya wilaya, apande ya mkoa, na kutoka huko apambane daraja baada ya daraja. Hiyo ni kazi ya miaka mingi na jasho jingi. Anayenunua klabu iliyokwisha kupanda huingia kwa mlango wa mbele. Kwa hiyo kinachonunuliwa si jezi wala mipira. Kinachonunuliwa ni nafasi katika ligi, nayo nafasi haina mizizi, hubebwa kama sanduku.

Wapo watakaosema kwamba sheria imekwisha kulitazama jambo hili. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 2016, Mohammed Dewji alipotaka asilimia 51 ya hisa za Simba kwa shilingi bilioni 20, na wakati huo huo kukiwa na pendekezo la kuikodisha Yanga kwa miaka 10, Serikali iliingilia kati. Ikaamuliwa kwamba katika klabu za wanachama mwekezaji asizidi asilimia 49, na Desemba 2017 Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni ya Simba kwa kiwango hicho na kwa fedha zile zile. Uamuzi ulikuwa wa busara. Walakini Simba na Yanga zina wanachama wanaoweza kuujaza ukumbi na kupiga kelele hata usiku wa manane. Klabu ya wilayani ina nini? Asilimia 51 ya wanachama ambao hawamo katika daftari lolote ni asilimia 51 ya hewa.

Hapa ndipo lawama inaporudi nyumbani. Katika wilaya zetu katibu au mhazini wa klabu mara nyingi ni mwalimu, au mtumishi wa halmashauri. Ndiye anayejua kuandika muhtasari wa kikao, ndiye mwenye kalamu. Mtu huyo huyo ambaye kazini hawezi kutoa chaki bila ya kuandika, akifika klabuni huendesha mambo kwa mdomo: ada hazidaiwi, mkutano mkuu hauitishwi, katiba imefungiwa kabatini kwa mtu aliyekwisha kuhamishwa. Ndipo siku ya njaa, wachezaji wakidai mishahara na nauli ya kwenda Bukoba haipo, mwenye fedha anapofika huwakuta watu watatu, na watatu hao huuza kilicho cha maelfu.

Ajabu ni kwamba hakuna watu nchini wanaoujua ubishi wa bei kuliko wakulima wa uwanda huu. Oktoba 2018, barua za bei za wanunuzi zilipofunguliwa mnadani mbele yao, wakulima walizikataa, hata Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Waliweza kukataa kwa sababu walikuwa na chama cha msingi, daftari na ghala. Tena kila mmoja alijua anachouza: mnunuzi huchukua korosho za msimu, mkorosho unabaki shambani.

Na fedha za mwekezaji zinahitajika. Anayebeza hilo hajawahi kulipia basi la timu kutoka Mtwara hadi Mwanza. Apewe hisa, apewe mapato ya matangazo na ya mauzo ya wachezaji, tena apewe kwa ukarimu. Jina la klabu, rangi zake na wilaya inayochezea visiwemo katika mauzo. Viandikwe katika katiba iliyosajiliwa kwa Msajili wa vyama vya michezo, kwamba havibadilishwi bila ya kura ya mkutano mkuu wa wanachama walioandikishwa kabla mnunuzi hajajitokeza. Sharti la mwisho ndilo kubwa, kwani mwenye fedha anaweza kulipia kadi mia tano kwa siku moja.

Huko Uingereza klabu ya Wimbledon ilihamishiwa Milton Keynes mwaka 2003. Mashabiki walioachwa walikuwa wamekwisha kuunda timu yao mwaka mmoja kabla, wakaanzia madaraja ya chini kabisa, na iliwachukua miaka tisa kurudi katika ligi ya kulipwa. Wao walikuwa na uwezo wa mji wa London. Ubaruku wamebaki na uwanja.