Mkopo pekee hautazaa viongozi wa biashara wa kesho

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Aprili 2023, Serikali ililieleza Bunge mjini Dodoma kwamba inasitisha kwa muda mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Hatua hiyo ilifuatia taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilizobaini fedha ambazo hazikurejeshwa na vikundi ambavyo havikuwapo. Mwaka 2024 mikopo hiyo ilirejeshwa kwa utaratibu mpya.

Kurejeshwa kwake ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, mjadala uliotangulia uamuzi huo ulihusu zaidi njia ambayo fedha zingepitia: zipitie benki au zibaki mikononi mwa halmashauri? Swali ambalo halikupewa uzito unaostahili ni hili: kijana anayekabidhiwa fedha hizo ameandaliwa na nani, kwa muda gani, na kwa malezi ya aina gani?

Swali hili si dogo. Mwaka 2019 pekee Tanzania iliwapoteza Reginald Mengi, mwasisi wa makampuni ya IPP, aliyefariki dunia mwezi Mei, na Ali Mufuruki, mwasisi wa Infotech na mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la wakuu wa makampuni nchini, aliyefariki mwezi Desemba. Kizazi kilichojenga biashara kubwa za wazawa tangu milango ya uchumi ilipofunguliwa kinaondoka. Wanaotarajiwa kushika nafasi zao wako vyuoni, mitaani na nyuma ya meza za Kariakoo. Kama hawatalelewa sasa, hakuna mkopo utakaoziba pengo hilo.

Mzigo wa historia

Ili kuelewa tulipo, hatuna budi kutazama tulikotoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaifisha mabenki na viwanda vikubwa, na likawakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili. Lengo lilikuwa kuzuia unyonyaji. Lakini pamoja na lengo hilo, mfanyabiashara alianza kutazamwa kwa jicho la shaka. Wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, kukutwa na shehena ya sabuni au mafuta ya kupikia kulitosha kumfanya mtu aitwe mlanguzi.

Mageuzi ya kiuchumi yalianza katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti kwa viongozi. Sheria zilibadilika upesi, lakini mitazamo haibadiliki kwa tangazo. Hadi leo wapo wazazi wengi wanaomwambia mtoto asome ili aajiriwe, na wanaoiona biashara kuwa kimbilio la aliyeshindwa mitihani. Matokeo yake, kijana huingia katika biashara akiwa na moyo wa mtu anayepita njia: anasubiri ajira, na mara anapopata hasara ya kwanza huwa ameshapata sababu ya kuondoka.

Waliotangulia walijifunza kwanza

Hupendwa sana kusimuliwa kwamba Mengi alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Ni kweli, na mwenyewe aliieleza safari hiyo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2018. Lakini simulizi hiyo mara nyingi hukatwa sehemu yake ya mwanzo. Kabla ya kalamu hizo, Mengi alikuwa amesomea uhasibu Uingereza na kufanya kazi miaka mingi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand, ambako alipanda hadi ngazi ya juu ya uongozi kabla ya kuondoka mwaka 1989. Alipoanza kujenga biashara yake, alikuwa ameshasoma vitabu vya hesabu vya watu wengine na kuona kwa macho yake jinsi kampuni zinavyokua na zinavyokufa.

Said Salim Bakhresa alipita njia nyingine kabisa. Alizaliwa Zanzibar na kuacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akaanza na biashara ndogo ya chakula jijini Dar es Salaam kabla ya kuingia katika usagaji wa nafaka. Leo nembo ya Azam iko katika unga, mikate, aiskrimu, boti na televisheni. Yeye hakuwa na cheti cha uhasibu, lakini naye alikuwa na shule yake: miaka mingi ya kuuza bidhaa ndogo kwa mteja mdogo, ambaye hana subira na chakula kibaya.

Njia hizi mbili zinakutana mahali pamoja. Kila mmoja alikuwa na muda wa kujifunza katika kiwango ambacho kosa halikuweza kumwangamiza. Huo ndio muda ambao mkopo wa haraka haumpi kijana.

Funzo kutoka Kenya

Mfano wa namna mtazamo unavyoweza kuokoa taasisi nzima uko kwa jirani zetu wa Kenya. Equity ilianzishwa mwaka 1984 ikiwa taasisi ya kukopesha fedha za ujenzi wa nyumba. Kufikia mwaka 1993 ilikuwa imefilisika kwa vipimo vya kibenki. Zaidi ya nusu ya mikopo yake haikuwa ikilipwa. Katika kipindi hicho ndipo alipojiunga James Mwangi, mhasibu kijana aliyetoka katika benki nyingine.

Taasisi hiyo haikuokolewa kwa kushikilia kazi ileile kwa nguvu zaidi. Iliachana na mikopo mirefu ya nyumba na kumgeukia mwananchi wa kipato cha chini ambaye mabenki makubwa yalimwona kuwa usumbufu. Ilichukua zaidi ya miaka 10 hadi ilipopata leseni ya benki kamili mwishoni mwa mwaka 2004, na mwaka 2006 hisa zake zikaorodheshwa katika soko la Nairobi. Leo inafanya kazi katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo.

Ustahimilivu wa aina hiyo ni tofauti na ukaidi. Mkaidi hung'ang'ania njia hata hesabu zinapomkataa. Mstahimilivu hushikilia lengo, lakini njia huibadilisha kila daftari linapomwonyesha kwamba anapotea.

Daftari kabla ya mtaji

Tuchukue mfano wa kijana mwenye genge la matunda. Tuseme ananunua mzigo wa Sh40,000 na kuuza kwa Sh55,000. Jioni anaona Sh15,000 na kudhani yote ni faida. Lakini nauli imekula Sh4,000, mifuko Sh1,000, matunda yaliyooza Sh5,000 na chakula cha mchana Sh3,000. Kilichobaki ni Sh2,000 tu. Akitumia Sh10,000 nyumbani jioni hiyo, amekula Sh8,000 ya mtaji. Kwa mwendo huo, ndani ya siku tano mtaji wote utakuwa umekwisha.

Kijana huyo atasema biashara ina mkosi, au ataomba mkopo mwingine. Hakukosa bidii, kwani pengine aliamka saa kumi alfajiri kila siku. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye jioni na kumwonyesha kosa lilipo kabla halijawa deni.

Wapo Watanzania ambao wamekuwa wakifanya kazi hiyo bila kusubiri semina. Wafanyabiashara wa Kikinga wenye asili ya Makete, mkoani Njombe, wanafahamika kwa utaratibu wa kumchukua ndugu kijana kutoka nyumbani na kumweka dukani. Kijana hufagia, hubeba mizigo, hupanga bidhaa, na baadaye huaminiwa kushika fedha. Baada ya miaka kadhaa ya kuonekana mwaminifu, husaidiwa kuanza duka lake. Waigbo wa Nigeria wana desturi inayofanana na hiyo.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba mtaji huja mwisho. Kwanza hupimwa tabia: je, anarudisha chenji? Je, anasema ukweli mzigo unapopungua? Je, anamvumilia mteja anayeuliza bei mara tano bila kununua? Mpangilio wa mikopo yetu ya umma umekuwa kinyume. Fedha hutangulia, semina ya siku chache huambatana nazo, na tabia hupimwa wakati wa kudai marejesho.

Hata hivyo, utaratibu wa kulelewa dukani una kasoro zake. Hutegemea neno la mdomo, na panapotokea ugomvi kijana anaweza kuondoka mikono mitupu baada ya kutumika kwa miaka. Pia hufaidisha zaidi mwenye ndugu mjini. Asiye na mjomba Kariakoo hubaki nje ya mlango.

Bidii peke yake haitoshi

Ni vema pia kuwa waangalifu tusije tukawatwisha vijana lawama zote. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao wakilalamikia, pamoja na mambo mengine, namna kodi zinavyokusanywa, hadi Waziri Mkuu alipolazimika kukutana nao. Mwezi Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Julai 2021 moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo na mali za watu waliokuwa wamejituma kwa miaka mingi.

Hakuna mtazamo wowote mwema unaoweza kuzima moto au kumlipia mtu makadirio ya kodi yasiyolingana na mauzo yake. Wengi walioanguka hawakuwa wavivu. Anayehubiri ustahimilivu kwa vijana ana wajibu wa kudai pia mazingira yanayoufanya ustahimilivu huo uzae matunda.

Nini kifanyike?

Taasisi kubwa zimeanza kuonyesha kwamba viongozi wanaweza kukuzwa ndani ya nyumba. Charles Kimei aliiongoza CRDB kuanzia mwaka 1998 hadi 2018, akapokewa na Mtanzania mwingine, Abdulmajid Nsekela. Benki ya NMB, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na wageni baada ya Rabobank ya Uholanzi kununua hisa zake mwaka 2005, ilimthibitisha Ruth Zaipuna kuwa mkuu wake mwaka 2020. Kabla ya hapo alikuwa msimamizi mkuu wa fedha wa benki hiyohiyo.

Kinachohitajika sasa ni kuishusha hatua hiyo hadi ngazi ya duka, karakana na genge. Nchi yetu tayari ina programu za uanagenzi, lakini zimejikita zaidi katika ufundi stadi kama ushonaji, useremala na umeme. Hakuna sababu ya msingi ya kuuacha uendeshaji wa biashara nje ya mpango huo. Kijana anayeomba mkopo wa halmashauri angeweza kwanza kuwekwa kwa mfanyabiashara mzoefu kwa miezi kadhaa, kwa mkataba wa maandishi unaotaja posho, saa za kazi na haki zake. Mfanyabiashara anayempokea naye apewe nafuu, kwa mfano katika ada au ushuru wa halmashauri, maana kulea ni gharama.

Wamiliki wa biashara nao wana sehemu yao. Biashara ngapi zimekufa siku mwenye nazo alipozikwa, kwa sababu hakuna aliyejua nani anadaiwa na funguo ziko wapi? Mwenye duka asiyemruhusu msaidizi wake kuona daftari la hesabu anajenga jengo lisilo na ngazi.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni kweli, lakini anayegaagaa upwani hufundishwa kwanza na aliyemtangulia kusoma maji yanapokupwa na yanapojaa. Fedha za mikopo zimesharejea katika halmashauri zetu. Tusipowaandaa wanaozipokea, baada ya miaka michache tutasoma tena taarifa ileile ya wakaguzi, nasi tutauliza tena fedha zimekwenda wapi.